Nani Aliulizwa?

Swali la kwanza ambalo mwezeshaji wa mafunzo ya uraia anawauliza walimu wenzake halimo katika muhtasari wa somo lolote: "Mara ya mwisho kwenda kwenye mkutano wa kitongoji au mkutano mkuu wa kijiji unakoishi ilikuwa lini?" Akishauliza, ananyamaza. Hamkazii macho mtu, hatoi mfano wa kuwaokoa, hachomeki utani ili ukimya upite upesi. Anafunika kalamu rashia zake moja moja, na walimu wanainamia madaftari. Wote hawa wanafundisha ngazi za serikali mwaka nenda mwaka rudi. Wanajua kwa ghaibu kwamba mkutano mkuu wa kijiji ni wa kila mkazi aliyetimiza miaka 18, kwamba halmashauri ya kijiji ina wajumbe 15 hadi 25, na wameshatunga maswali ya kuchagua jibu sahihi juu ya mambo hayo hayo. Lakini kwenda wao wenyewe, wakaketi, wakanyoosha mkono, wengi hawana la kujibu.

"Mimi hapa ni mgeni, Madam," anasema hatimaye mwalimu mmoja wa kiume. "Kwetu Kilosa."

"Karibu sana Pwani, Mwalimu. Maji unachota wapi?"

Anachota hapa hapa. Wanawe wanasoma hapa, kodi ya pango anamlipa mtu wa hapa, mvua ikikata barabara ni yeye anayelala njiani. Mwezeshaji hayasemi hayo. Amemuuliza maji tu, kisha akamgeukia mwingine, na yule mwalimu wa Kilosa akabaki na swali lake mpaka saa ya chai.

Mwezeshaji huyu ni mwalimu wa shule ya msingi katika ukanda wa kati ya Mapinga na Bagamoyo mjini, na sitamtaja jina. Nimeketi nyuma ya chumba nikamtazama akifanya kazi, na nikaona kwamba kazi hii ina ufundi ambao taarifa za mafunzo haziwezi kuubeba. Taarifa itaandika idadi ya washiriki, mada zilizofundishwa na muda uliotumika. Haitaandika kwamba mtu alijua lini anyamaze.

Mfumo anaofanyia kazi unaitwa MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, na Taasisi ya Elimu Tanzania ndiyo inayouratibu. Badala ya kumtoa mwalimu shuleni kwenda kukaa hotelini siku mbili, walimu hukutana shuleni kwao katika jumuiya za ujifunzaji, wakachagua mada inayowasumbua, wakaandaa somo pamoja, mmoja akalifundisha wenzake wakiangalia, kisha wakakaa kulitathmini. Mara nyingine shule jirani hukutana katika kituo cha walimu cha kata. Mkoa wa Pwani, pamoja na jirani yake Tanga, umo pia katika mikoa tisa ya mradi wa Shule Bora, ambao nao unasukuma mbele jambo hili la walimu kufundishana kazini. Na Bagamoyo si mgeni wa kazi ya kuwanoa walimu. Chuo cha MANTEP kilianzishwa mwaka 1979 kuwafunza uongozi watu wa elimu, na tangu 2001 kazi hiyo inafanywa na wakala wa serikali, ADEM, wenye makao makuu mjini humo. Walimu wakuu wengi wa nchi hii wamepitia Bagamoyo kabla ya kwenda kushika funguo za ofisi zao.

Uraia, hata hivyo, ni mzigo wa namna yake. Mwalimu wa hisabati anayejifunza upya jinsi ya kufundisha sehemu haitwi kuulizwa yeye mwenyewe anaishije na sehemu. Mwalimu wa uraia anaulizwa. Na kizazi cha walimu waliomfundisha yeye kilipita katika mgeuko mkubwa. Mpaka mwanzoni mwa miaka ya tisini somo liliitwa Siasa, na kazi yake ilikuwa kueleza itikadi ya chama kimoja. Tume ya Jaji Francis Nyalali, iliyoundwa mwaka 1991, ilikuta asilimia 80 hivi ya waliotoa maoni wakitaka chama kimoja kiendelee, nayo ikapendekeza vyama vingi, ikaorodhesha sheria 40 za kufutwa au kurekebishwa, ikataka pia wananchi wapewe elimu ya uraia. Mwaka 1992 vyama vingi vikarudi kisheria. Shuleni, Siasa ikapisha Uraia. Aliyekuwa akisimama mbele ya darasa alikuwa mwalimu yule yule, kwa chaki ile ile, na mazoea ya kuimlisha maandishi ubaoni hayakufutwa na sheria yoyote.

Naamini ufundi wa mwezeshaji huyu una mizizi ya zamani kuliko MEWAKA. Kati ya mwaka 1969 na 1975 Tanzania iliendesha kampeni za kujifunza kwa redio: wanakijiji walikusanyika kwa vikundi, wakasikiliza kipindi, wakasomewa kijitabu, kisha wakajadili na kuamua la kufanya. Ya mwaka 1970 iliitwa Uchaguzi ni Wako. Ya 1971, Wakati wa Furaha, iliadhimisha miaka kumi ya Uhuru. Ya 1973, Mtu ni Afya, ilifikia watu wapatao milioni 2, na kwa ajili yake walifunzwa viongozi wa vikundi takriban 75,000. Kiongozi wa kikundi alifunzwa jambo moja gumu: asihutubie. Redio imeshasema, kijitabu kimeshasema, yeye kazi yake ni kuwafanya wenzake waseme. Mwezeshaji wetu alikuwa hajazaliwa kampeni hizo zilipokuwa zikiendelea, lakini ukimtazama unaona adabu ile ile ya kujizuia.

Twende kwenye kadi. Ana kadi saba za manila, kila moja na neno moja: kitongoji, kijiji, kata, tarafa, wilaya, mkoa, taifa. Kila mwalimu wa uraia anazijua. Kwa kawaida zinachorwa ubaoni kama ngazi, mwanafunzi ananakili, mtihani unauliza ya tatu kutoka chini ni ipi. Yeye anazimwaga mezani bila mpangilio na kutoa kisa: kisima cha shule kimeanza kutoa maji ya chumvi, jambo ambalo kila mtu wa ukanda huu amewahi kuliona. "Nataka mpange kadi kwa kufuata nani anaamua. Nani yuko juu ya nani, hilo mliache."

Walimu wanaanza kwa kujiamini. Mwenyekiti wa kitongoji apelekewe habari, halmashauri ya kijiji ikae, diwani wa kata alifikishe kwenye baraza la madiwani. Kisha mkono wa mwalimu mmoja unasimama hewani ukiwa na kadi ya tarafa. Aiweke wapi? Tarafa haina baraza. Ina afisa tarafa, na afisa tarafa hakupigiwa kura. Kumbe mkuu wa wilaya naye hakupigiwa kura, wala mkuu wa mkoa. Mwalimu mwingine anachukua kadi nne na kuanza kuzitenga pembeni, na mbele ya macho yao ile ngazi moja waliyoinakili tangu utotoni inagawanyika kuwa mbili: moja ya waliochaguliwa, inayoanzia kitongojini na kuishia kwenye halmashauri ya wilaya, nyingine ya walioteuliwa, inayoshuka kutoka kwa Rais hadi kwa afisa tarafa. Zinakutana ofisini wilayani, na hapo ndipo mambo mengi ya shule huamuliwa au kukwama.

Ni sasa tu mwezeshaji anafungua Katiba, Ibara ya 145 na ya 146, zinazoweka serikali za mitaa na kueleza kwamba lengo lake ni kupeleka madaraka kwa wananchi. Anaongeza kwamba mamlaka hizi ziliwahi kufutwa mwaka 1972, serikali kuu ikachukua kazi zao, na zikarudishwa kwa sheria za mwaka 1982. Sentensi mbili basi. Angeweza kuanza na hizo, kama vitabu vingi vinavyoanza, na walimu wangezinakili vizuri. Aliziweka akiba mpaka walipozihitaji.

Zoezi halijaisha. Mwalimu wa Kilosa, aliyekuwa kimya tangu aulizwe habari za maji, anasema kwamba kwa jinsi anavyoona, hakuna kadi hata moja hapo inayohusika na maji. Vijijini maji yako chini ya RUWASA, wakala ulioanzishwa mwaka 2019. Mjini ni DAWASA, mamlaka ile ile inayoihudumia Dar es Salaam. Mtambo wa Ruvu Chini uko humu humu wilayani Bagamoyo, na sehemu kubwa ya maji yake inakwenda Dar. "Sasa hao wote mbona hawako kwenye ngazi?"

Niliona uso wa mwezeshaji ukichangamka, lakini mdomo wake haukufunguka. Alichukua kipande cha manila kisichoandikwa kitu, akampa yule mwalimu pamoja na kalamu. Walihangaika na kadi hiyo ya nane kwa muda mrefu. Iko chini ya Wizara ya Maji, kwa hiyo iende juu? Lakini bomba likipasuka anayepigiwa simu yuko hapa hapa, kwa hiyo ikae chini? Na vile vyombo vya watumiaji maji vya jamii, ambavyo wajumbe wake ni majirani zao, vikae wapi? Hawakukubaliana. Mwezeshaji aliipiga picha meza kwa simu, ikiwa na kadi imelazwa mshazari pembeni ya ngazi zote mbili, akasema picha hiyo iingie kwenye andalio la somo kama ilivyo. Baadaye nilipomuuliza kama alitarajia kadi ya nane, alijibu kwamba kila kundi huifikia, mengine kwa maji, mengine kwa umeme, mengine kwa barabara. Kazi yake ni kuwa na manila tupu mfukoni.

Katika mafunzo ya uraia hapakosi kufika swali moja, na siku hiyo lilikuja baada ya chai. Mwalimu wa kike, mtu mzima, aliyefundisha miaka mingi, alisema kwa heshima na bila kuzunguka: "Mwezeshaji, sisi ni watumishi wa umma. Haya tukiyapeleka darasani, hatutaambiwa tunafanya siasa?"

Hofu hii ina msingi, na napenda kwamba mwezeshaji hakuicheka. Mwalimu wa serikali haruhusiwi kukipigia debe chama darasani, na ni sawa kabisa iwe hivyo. Watoto wa dawati moja wanatoka nyumba zenye bendera tofauti. Lakini mwalimu akiogopa sana mpaka huo, anarudi nyuma hatua kumi asiukaribie, na somo linabaki na wajibu bila haki: tii sheria, lipa kodi, tunza mazingira, heshimu wakubwa. Yote ni mema. Ila Katiba haikuishia hapo. Ibara ya 8 inasema mamlaka ya serikali yanatoka kwa wananchi na kwamba serikali itawajibika kwao. Ya 21 inampa raia haki ya kushiriki katika mambo yanayomhusu. Na Ibara ya 26, ambayo walimu wengi huikumbuka kwa sehemu yake ya kwanza ya kutii Katiba na sheria, ina sehemu ya pili inayompa kila mtu haki ya kwenda kwenye vyombo vya sheria kuilinda Katiba hiyo. Mwezeshaji alimwomba mwalimu yule aisome ibara yote kwa sauti, kisha aisome tena.

Halafu akaleta kesi. Alichagua ile ya mgombea binafsi, na sababu mojawapo ni kwamba mwenye kesi, Mchungaji Christopher Mtikila, alifariki kwa ajali ya gari karibu na Chalinze mwezi Oktoba 2015, kwa hiyo jina lake si geni katika maeneo haya. Mwaka 1994 Mahakama Kuu ilikubali hoja kwamba mtu asilazimike kuwa mwanachama wa chama ndipo agombee. Bunge likarekebisha Katiba kuweka sharti hilo la chama. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ikampa Mtikila ushindi tena. Mwaka 2010 Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu hiyo, ikasema jambo hili ni la kisiasa na la kuamuliwa na Bunge. Mwaka 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, pale Arusha, ikaona kwamba sharti hilo linakiuka haki za raia.

Kila kundi la walimu lilipewa chombo kimoja: Mahakama Kuu, Bunge, Mahakama ya Rufani, Mahakama ya Afrika. Sharti lilikuwa kwamba hoja ya chombo chenu muiseme kwa namna ambayo jaji au mbunge mwenyewe angeisikia akaridhika kwamba hamkumpunja. Waliopewa Bunge walilalamika kwanza, kisha wakajenga hoja nzito juu ya historia ya taifa changa, umoja, na hatari ya watu kugombea kwa ukabila. Waliopewa Mahakama ya Rufani walipambana na swali ambalo sijawahi kulisikia likijadiliwa kwa makini vile nje ya ukumbi wa mawakili: je, majaji wanaweza kukifuta kifungu cha Katiba yenyewe? Hakuna aliyeulizwa yeye binafsi anaonaje mpaka mwisho, na hata hapo waliandika kwenye karatasi wakazikunja na kubaki nazo. Mtu alitoka chumbani akiwa ameshindana vikali juu ya jambo la siasa, na hakuna aliyejua anashabikia chama gani. Yule mwalimu mtu mzima alikuwa msemaji wa Mahakama ya Afrika, na alizungumza akiwa amesimama.

Ufundi huu unahitajika zaidi sasa kwa sababu somo lenyewe linabadilika. Katika mtaala ulioboreshwa, ulioanza kutumika mwaka 2024, Uraia na Maadili ya shule ya msingi yanapisha Historia ya Tanzania na Maadili, na somo hilo linafundishwa kwa Kiswahili hata sekondari, ambako uraia ulikuwa ukifundishwa kwa Kiingereza. La lugha nalifurahia bila kusita. Mtoto akiruhusiwa kuuliza habari za serikali yake kwa lugha anayogombania zamu ya bombani, atauliza mengi. Wasiwasi wangu ni kwenye ndoa ya historia na maadili: uraia unaweza kumezwa katikati, tukabaki na tarehe za zamani upande mmoja na nasaha upande wa pili.

Mwezeshaji ameshaanza kulifanyia kazi hilo, na kwa hili pwani imembeba. Anawapa walimu tukio la Aprili 1888, Sultani Khalifa wa Zanzibar alipoikabidhi kampuni ya Wajerumani utawala wa pwani kwa mkataba wa miaka 50. Agosti mwaka huo kampuni ilipoanza kupandisha bendera, Pangani ikalipuka, na vita vikaenea Saadani, Bagamoyo na kwingineko. Kitabu humleta Abushiri bin Salim na kunyongwa kwake Pangani mwezi Desemba 1889, na mara nyingi huishia hapo, mwanafunzi akariri shujaa na tarehe. Mwezeshaji anawataka walimu waandike orodha ya wote ambao mkataba ule ungewagusa: majumbe, wenye mashamba, wapagazi, watumwa, wafanyabiashara wa Kihindi, wavuvi, Bwana Heri wa Saadani ambaye hata Sultani hakuwahi kumtawala sawasawa. Kisha mbele ya kila jina wajibu: huyu aliulizwa? Safu nzima ya pili inajaa "hapana". Mwalimu mmoja kijana akasema, basi hapa ndipo pa kuanzia Ibara ya 8, na hapakuwa na haja ya mwezeshaji kuongeza kitu.

Ukiwa Bagamoyo mjini zoezi kama hilo linaweza kufanywa kwa miguu. Boma la Wajerumani lipo, kumbukumbu ya mji uliokuwa makao yao makuu mpaka 1891. Lipo pia jengo la shule lililotolewa na Sewa Haji Paroo, tajiri wa Kihindi aliyefariki 1897, kwa sharti kwamba watoto wa rangi zote wapokelewe. Ndiyo baadaye Shule ya Msingi Mwambao. Mtu binafsi akiiwekea serikali ya kikoloni sharti la usawa kabla ya kuipa mali yake: hiyo ni mada nzima ya uraia iliyosimama barabarani, na watoto huipita kila siku.

Sehemu ya kazi yake ninayoistahi kuliko zote hutokea wiki kadhaa baadaye, anapokwenda kukaa nyuma ya darasa la mwalimu aliyemfunza. Hubeba daftari dogo, na kanuni yake ni kuandika maswali ya wanafunzi tu. Andalio la somo halikagui, zana hazihesabu. Kwa hayo wako wathibiti ubora wa shule. Somo nililomsindikiza lilikuwa la darasa la tano, juu ya kamati ya shule. Mwalimu alikuwa amewatoa watoto hadi kwenye ubao wa matangazo nje ya ofisi, penye mapato na matumizi ya shule, wakazidisha idadi yao kwa Sh 10,000, kiwango cha ruzuku kwa mwanafunzi kwa mwaka tangu enzi za MMEM, ule Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, wakalinganisha na kilichoandikwa, na mwalimu akawaeleza kwamba sehemu ya fedha hizo huwekwa kwa ajili ya vitabu. Somo lilikwenda vizuri na kengele ikalia.

Walipoketi wawili kuzungumza, mwezeshaji alifungua daftari. "Mwalimu, yule binti aliyesimama karibu na nguzo, alikuuliza nini?"

Mwalimu alifikiri. "Aliuliza kwa nini kwenye kamati hakuna mwanafunzi."

"Ukamjibu nini?"

"Nilimwambia tutaliona kipindi kijacho. Muda ulikuwa umekwisha."

"Na kipindi kijacho umepanga nini?"

Mwalimu alitoa azimio lake la kazi, akalitazama, akapiga mstari juu ya mada iliyofuata, na wote wawili wakainama kuandaa somo la swali la binti yule, wakianza na kumtafuta mwenyekiti wa kamati wamwombe aje darasani kujibu mwenyewe.